Timu haishuki daraja, anayeshuka ni mchezaji

Asubuhi ya Januari 3, 2019, St. Louis Blues ilikuwa inaburuza mkia katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Ligi ilikuwa na timu 31, na Blues ilikuwa ya 31. Kocha alikuwa ametimuliwa tangu Novemba. Siku nne baadaye, mjini Philadelphia, golini akapangwa Jordan Binnington, kijana wa miaka 25 ambaye alikuwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi hiyo. Blues ikashinda 3-0, na kipa huyo mgeni akatoka uwanjani bila kuruhusu bao.

Akawa kipa wa kutegemewa. Juni 12 mwaka huohuo, mjini Boston, katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, Binnington alizuia mashuti 32 kati ya 33. Blues ikaifunga Boston Bruins 4-1 na kubeba Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza ligi hiyo mwaka 1967.

Miaka yote hiyo kijana huyu alikuwa wapi? Blues ilimchagua mwaka 2011 katika drafti, zoezi ambalo timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Msimu wa 2013/14 alipelekwa Kalamazoo, Michigan, ligi ya daraja la tatu. Akapanda hadi Chicago Wolves, daraja la pili. Msimu wa 2017/18 Blues haikuwa na timu tanzu yake kamili, basi Binnington akakopeshwa kwa Providence Bruins, timu tanzu ya Boston. Yaani timu aliyokuja kuinyima kombe nyumbani kwake ndiyo ambayo mwaka mmoja nyuma ilimpa pa kucheza. Msimu uliofuata alihamia San Antonio, Texas, akiwa wa nne kwenye foleni ya makipa wa Blues.

Foleni ikasogea kwa sababu ya karatasi moja. Desemba 2018 Blues iliamua kuachana na kipa wake wa akiba, Chad Johnson. Jina lake likawekwa kwenye orodha ambayo timu nyingine zote huiona, na Anaheim Ducks ikamchukua. Nafasi ikapatikana, simu ikapigwa San Antonio.

Wengi huisimulia hadithi hii kama muujiza. Mimi naiona kama kazi ya mfumo. Nyuma ya Binnington kuna kanuni ndefu zinazosema nani akae juu, nani ateremshwe, kwa muda gani, kwa mshahara upi na kwa ruhusa ya nani. Ukizisoma kanuni hizo kwa makini utaona zinajibu swali linalomhusu kila kijana aliyewahi kusaini mkataba wa michezo: klabu ina haki ya kumlea na kumsubirisha mchezaji hadi lini, kabla haijawa imemzika?

Ngazi ya watu

Kwa msomaji aliyezoea soka, la kwanza kuelewa ni kwamba katika michezo ya kulipwa ya Amerika Kaskazini hakuna timu inayoshuka daraja. Timu ikishika mkia misimu mitano mfululizo, msimu wa sita itakuwa palepale ligi kuu. Wanaopanda na kushuka ni wachezaji wake, tena mmoja mmoja, na mara nyingine ndani ya wiki moja mtu hupanda na kushuka mara mbili.

NHL leo ina timu 32. Kila moja ina timu tanzu katika AHL, ligi ya daraja la pili iliyoanza mwaka 1936, ambayo nayo ina timu 32. Chini yake iko ECHL, iliyoanzishwa mwaka 1988. Baadhi ya timu hizi na mama zake ni majirani wa pua na mdomo: Winnipeg Jets na Manitoba Moose hutumia uwanja mmoja, na Toronto Maple Leafs na Toronto Marlies wako mji mmoja. Nyingine zina historia yake yenyewe. Hershey Bears, timu tanzu ya Washington Capitals, iko katika mji mdogo wa Pennsylvania uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chokoleti, na imecheza AHL bila kukosa tangu mwaka 1938.

Hesabu ya meneja mkuu inaanzia hapa. Anaruhusiwa kuwa na mikataba isiyozidi 50. Kati ya walio na mikataba hiyo, kikosi cha timu kubwa hakitakiwi kuzidi wachezaji 23, kuanzia siku ya kwanza ya msimu hadi dirisha la kubadilishana wachezaji litakapofungwa. Kila mechi huvalishwa jezi wachezaji 20, kwa kawaida washambuliaji 12, mabeki sita na makipa wawili. Waliobaki wako timu tanzu, au kwenye timu za vijana, au kitandani wakiuguza majeraha.

Na majeraha hayakosi. Msimu una mechi 82 ndani ya kama miezi sita, watu wanapigana vikumbo kwenye barafu kwa kasi ya baiskeli inayoteremka mlima, wakifukuzia kisahani kigumu cha mpira kinachoitwa paki. Mshambuliaji akivunjika kidole usiku huu, kesho asubuhi mtu mwingine lazima awe kwenye ndege. Kanuni zina mlango wa dharura hapa: timu ikipungukiwa kwa majeraha hadi ikakosa washambuliaji 12, mabeki sita au makipa wawili, inaruhusiwa kumwita mtu wa muda kutoka chini, na aliyeumia akipona yule wa muda anarudi alikotoka.

Kuitwa mara ya kwanza ni tukio ambalo familia nzima hulikumbuka. Kocha wa timu tanzu humwita kijana ofisini au humpigia simu usiku. Wazazi, ambao pengine walikuwa wakimwamsha saa kumi alfajiri tangu ana miaka sita ili awahi zamu ya uwanja wa barafu, wanatafuta tiketi za ndege usiku uleule. Jioni ya mechi, wakati wa kupasha misuli moto, wenzake hufanya jambo moja ambalo limekuwa mila: wanasimama mlangoni na kumwacha atangulie barafuni peke yake. Anazunguka raundi nzima uwanja mtupu ukiwa wake, watu wote wakimtazama. Kisha wakubwa wanaingia, na kazi inaanza.

Ila hapo bado anaishi hotelini, begi halijafunguliwa vizuri. Ishara anayoingoja ni neno moja kutoka kwa meneja: tafuta nyumba. Akiambiwa hivyo, amefika. Asipoambiwa, anajua simu inaweza kulia tena, safari hii ya kumrudisha.

Mshahara unaohesabiwa kwa siku

Fedha ndiyo injini ya mwendo huu wote. Msimu wa 2004/05 wenye timu na chama cha wachezaji waligombana kuhusu mishahara hadi msimu mzima ukafutwa, hakuna mechi hata moja iliyochezwa. Waliporudi mezani, walitoka na kikomo cha mishahara: kila timu isitumie zaidi ya kiwango fulani. Mwaka 2005/06 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2025/26 kimefika dola milioni 95.5.

Mishahara hii huhesabiwa siku kwa siku. Kima cha chini cha NHL kwa msimu wa 2025/26 ni dola 775,000. Gawanya kwa siku kama 190 za msimu, utapata karibu dola 4,000 kwa siku. Sasa mchukue kijana aliyesaini mkataba wake wa kwanza. Mkataba huo una mishahara miwili: mmoja wa akiwa juu, mwingine wa akiwa chini, na ule wa chini ni kiasi cha dola 80,000 kwa msimu, yaani kama 420 kwa siku. Mtu yuleyule, miguu ileile. Jumatatu analipwa 4,000, Jumanne analipwa 420, kwa sababu Jumatatu usiku aliambiwa achukue begi lake.

Wakongwe walioiva husaini mkataba wa aina nyingine, wenye mshahara mmoja usiobadilika popote atakapocheza. Huu ndio kila mchezaji anaoutamani, kwa fedha na kwa heshima, maana klabu inayokulipa mamilioni hata ukiwa chini hufikiri mara mbili kabla ya kukuteremsha.

Kwa kuwa kikomo nacho huhesabiwa kwa siku, kwa miaka mingi kulikuwa na safari za kwenye makaratasi. Timu isiyo na mechi Jumatano na Alhamisi ilimwandikisha kijana wake kuwa ameteremshwa Jumanne usiku, na Ijumaa ikamwandikisha kuwa ameitwa tena. Pengine hakutoka hata hotelini. Klabu iliokoa mshahara wa siku mbili kwenye hesabu yake ya mwaka, na siku kama hizo zilipokusanywa tangu Oktoba, Machi timu ilipata nafasi ya kumleta mshambuliaji mkubwa. Siku dirisha lilipofungwa karatasi ziliruka zaidi: aliyetakiwa kucheza mtoano wa AHL ilibidi awe ameandikishwa kwenye timu ya AHL siku hiyo, basi vijana waliteremshwa kwa jina na kupandishwa tena alasiri ileile.

Mtu anaweza kusema huo ulikuwa werevu wa wahasibu, na ni kweli. Lakini mshahara uliookolewa ulikuwa wa mtu, na mara nyingi ulikuwa wa yule mdogo kuliko wote kikosini.

Orodha ya saa nane mchana

Kama klabu ingeweza kumpandisha na kumshusha mchezaji itakavyo maisha yake yote, mkataba wa kwanza ungekuwa pingu. Kinga iliyowekwa dhidi ya hilo inaitwa weiva, nayo ndiyo moyo wa mfumo mzima.

Inakwenda hivi. Mchezaji aliyekomaa hateremshwi kimyakimya. Klabu inayotaka kumpeleka timu tanzu lazima kwanza iliweke jina lake kwenye orodha inayotolewa saa nane mchana kwa saa za New York, wakati kwetu Afrika Mashariki ni saa tatu au saa nne ya usiku. Kwa saa 24, timu nyingine 31 zina haki ya kumchukua, pamoja na mkataba wake kama ulivyo. Zikijitokeza timu mbili au zaidi, anapewa ile iliyo chini zaidi kwenye msimamo. Na timu inayomchukua inatakiwa kumweka kwenye kikosi chake kikubwa. Saa 24 zikipita bila mtu kunyoosha mkono, ndipo klabu yake inaruhusiwa kumteremsha.

Maana yake ni nyepesi: ukisema humhitaji mtu huyu juu, waulize kwanza wengine kama wanamhitaji.

Vijana wachanga hawapitii orodha hiyo, na hapa nako kuna hesabu ya umri na mechi. Mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa, aliyesaini akiwa na miaka 20 anaweza kushushwa bila weiva kwa misimu mitatu au hadi afikishe mechi 160, lolote litakalotangulia. Aliyesaini akiwa na miaka 23, ni misimu mitatu au mechi 60. Aliyesaini akiwa na 25 au zaidi, mwaka mmoja tu. Makipa wana hesabu yao, kwa kuwa kipa huchelewa kuiva. Mantiki iko wazi: klabu inapewa muda wa kulea, na muda huo una mwisho.

Gustav Forsling, beki Msweden, anaijua thamani ya orodha hiyo kuliko wengi. Januari 2021 Carolina Hurricanes ililiweka jina lake hapo. Florida Panthers ikamchukua. Hakukuwa na ada kubwa ya uhamisho wala mkutano wa waandishi wa habari. Miaka mitatu baadaye Florida ilimpa mkataba mpya wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 46, na mwaka 2024 na 2025 akabeba Kombe la Stanley mara mbili mfululizo. Mwaka 2023, na tena mwaka 2025, njia ya Florida kwenda fainali ilipita juu ya Carolina.

Bila orodha ile, Forsling angeteremka ngazi kimya, na huenda leo tusingekuwa na sababu ya kulitaja jina lake.

Mwaka ambao kanuni ilipofuka

Mfumo huu haukuzaliwa umekamilika. Julai 2008 New York Rangers ilimpa beki Wade Redden mkataba wa miaka sita wa dola milioni 39. Alikuwa mchezaji wa hadhi, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 1995 na kuiwakilisha Kanada kwenye Olimpiki ya 2006. Misimu miwili ikapita, kiwango chake kikashuka, na mkataba ukawa mzigo wa dola milioni 6.5 kila mwaka kwenye kikomo cha mishahara.

Mwaka 2010 Rangers ikaliweka jina lake kwenye orodha. Hakuna aliyemtaka kwa bei ile. Akateremshwa hadi Hartford, Connecticut, na papo hapo mshahara wake wote ukatoka kwenye hesabu ya kikomo. Alicheza huko misimu miwili mizima. Alilipwa kila senti yake, na mtu mwenye njaa atauliza basi alikuwa na shida gani. Shida ilikuwa kwamba aliwekwa pale ili asihesabike. Hata kama angecheza kama malaika asingeitwa, maana kumwita kungerudisha milioni 6.5 mezani. Ngazi yake ilikuwa imekatwa vidato.

Waliokuwa juu waliliona. Baada ya mgogoro mwingine uliofupisha msimu wa 2012/13 hadi mechi 48, mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji ukaziba tundu hilo. Tangu 2013, klabu ikimshusha mchezaji wa bei kubwa inasamehewa kima cha chini cha mshahara pamoja na dola 375,000 tu. Kinachozidi hapo kinabaki kwenye hesabu. Kwa viwango vya 2025/26, msamaha huo ni dola milioni 1.15. Mshahara wa Redden leo ungeacha dola milioni 5.35 kwenye hesabu ya klabu. Watu wa hoki huiita kanuni ya Redden. Jina lake limebaki kwenye kinga aliyoikosa yeye mwenyewe.

Umbali nao ni adhabu

Kwa miaka mingi timu tanzu za AHL zilirundikana mashariki mwa bara. Los Angeles Kings, iliyoko pwani ya Pasifiki, iliweka vijana wake Manchester, New Hampshire, karibu na Atlantiki, mwendo wa siku nzima ukihesabu ndege na kungoja uwanjani. Kijana aliitwa asubuhi, akavuka bara, akashuka na viatu vyake vya barafu mkononi, akaingia kucheza usiku. Mwaka 2015 timu tano za AHL zikahamishiwa California kwa mkupuo: Bakersfield, Ontario, San Diego, San Jose na Stockton. Manchester ilikuwa imetoka kutwaa Kombe la Calder, ubingwa wa AHL, msimu huohuo. Ubingwa haukuiokoa. Vijana wa Kings walihamia Ontario, mji ulio kama saa moja kwa gari kutoka Los Angeles.

Umbali ukitumiwa vibaya unauma. Mwishoni mwa 2015 mashabiki walimpigia kura John Scott wa Arizona Coyotes, jitu la zaidi ya mita mbili lisilojulikana kwa mabao, awe nahodha katika mechi ya nyota wa ligi. Ilianza kama mzaha wa mashabiki. Januari 15, 2016, Arizona ikamtoa kwenda Montreal, na Montreal ikampeleka moja kwa moja timu yake tanzu ya St. John's, kisiwani Newfoundland, upande wa pili wa bara, wakati mkewe akiwa mjamzito wa mapacha. Wengi waliona amefichwa makusudi ili asiiaibishe ligi. Kelele za mashabiki zikazidi, akaruhusiwa kucheza. Januari 31, mjini Nashville, Scott alifunga mabao mawili, akachaguliwa mchezaji bora wa siku na kubebwa begani na wenzake.

Nashindwa kuicheka hadithi hii, ingawa inafurahisha. Mtu alihamishwa kutoka jangwani hadi kisiwa cha baridi kwa saini moja, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Kupika kwa moto mdogo

Pamoja na hayo, kushushwa si lazima kuwe uonevu. AHL yenyewe imejifunga kuwa shule. Kati ya wachezaji wa ndani 18 wa kila mechi, angalau 13 lazima wawe wale ambao bado wanajengwa: 12 kati yao wasiwe wamezidisha mechi 260 za kulipwa, na mmoja asizidishe 320. Wakongwe wanabaki wachache, na kazi yao mojawapo ni kufundisha kwa mfano. Matunda yanaonekana: karibu asilimia 90 ya wanaocheza NHL wamepitia AHL.

Hata makocha hupandia ngazi hiyohiyo. Jon Cooper alitwaa Kombe la Calder na Norfolk Admirals mwaka 2012, msimu ambao timu yake ilishinda mechi 28 mfululizo, kisha akabeba Kombe la Stanley na Tampa Bay Lightning mwaka 2020 na 2021. Jared Bednar alitwaa Calder mwaka 2016, na Stanley mwaka 2022 akiwa na Colorado Avalanche.

Detroit Red Wings, chini ya meneja Ken Holland, ilisifika kwa subira hii. Vijana wake waliachwa kwenye timu tanzu ya Grand Rapids hadi wakaiva kupita kiasi. Gustav Nyquist na Tomas Tatar walitwaa Calder pamoja mwaka 2013. Vuli ileile timu kubwa ilikuwa imejaa. Tatar alikuwa amefikia kiwango cha kulazimika kupitia weiva, na Detroit haikuthubutu kumhatarisha, akabaki juu. Nyquist alikuwa bado kwenye kinga ya uchanga, basi akarudishwa chini, ingawa hakuna aliyesema ni dhaifu kuliko waliobaki. Novemba akaitwa. Akafunga mabao 28 katika mechi 57, akawa mfungaji bora wa Detroit msimu ule.

Tazama vijana hao wawili kwa karibu. Uwezo wao ulikaribiana. Kilichoamua nani alale Detroit na nani alale Grand Rapids ni tarehe ya kusaini na idadi ya mechi. Ndiyo maana wakala mzuri huhesabu mechi kama mkulima anavyohesabu siku za mvua.

Zamani mlango ulipokuwa mwembamba

Ili kujua mfumo wa leo una thamani gani, tumwangalie mtu aliyecheza kabla yake. Kuanzia 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita tu. Nafasi za kucheza zilikuwa kama 120 kwa bara zima. Ligi za chini zilijaa watu ambao leo wangekuwa nyota, na klabu ilimmiliki mchezaji kama inavyomiliki vifaa.

Januari 18, 1958, mjini Montreal, Willie O'Ree wa Boston Bruins aliteremka barafuni na kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL. Alikuwa mwana wa Fredericton, New Brunswick, na jicho lake la kulia lilikuwa limeharibiwa na paki miaka michache kabla. Aliificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza. Alicheza mechi mbili, akarudishwa chini. Akaitwa tena msimu wa 1960/61, akacheza mechi 43. Akashushwa. Hakuitwa tena.

Mechi 45 kwa jumla. Lakini O'Ree aliendelea kucheza ligi za chini, Los Angeles, San Diego na kwingineko, hadi mwaka 1979 alipokuwa na miaka 43. Mara mbili aliongoza kwa mabao katika ligi ya magharibi. Mchezaji mweusi wa pili wa NHL, Mike Marson, alifika mwaka 1974. Rangi ya ngozi ilichangia, uchache wa timu ulichangia, na kinga za mchezaji hazikuwa kama za leo. O'Ree aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki mwaka 2018, na mwaka 2022 Boston ikaistaafisha jezi yake namba 22.

Barafu ya Nairobi

Mchezo huu hauko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari, kuna uwanja mdogo wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo ilipokulia Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza hoki barafuni pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikawa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni.

Vijana hao hawana AHL ya kupandia. Hata hivyo, kwa yeyote anayesimamia timu ya vijana huku kwetu, iwe ya hoki, soka au kikapu, somo la Amerika Kaskazini halihitaji barafu. Kila klabu duniani ina wachezaji inaowapenda leo na wengine inaowasubirisha. Tofauti iko kwenye kilichoandikwa. Kijana anayesubirishwa anajua mwisho wa kusubiri ni lini? Anajua atalipwa kiasi gani akiwa chini? Akionekana hatakiwi, klabu nyingine inapata nafasi ya kusikia hivyo kabla miguu yake haijazeeka?

NHL haikuwa na majibu hayo tangu mwanzo. Ilisukumwa na chama cha wachezaji chenye nguvu, msimu mmoja uliofutwa, mwingine uliokatwa, na majina ya watu walioumia njiani. Bado kuna uonevu wa ndege ya kwenda mbali. Lakini haki ya msingi imeandikwa na inatekelezwa: ukimlea mtu, una muda maalumu, muda ukiisha, ama mtumie, ama mruhusu mwingine amtumie.

Viongozi wa klabu zetu, liandikeni hilo kwenye mikataba ya vijana mnaowasajili msimu huu. Na wewe mzazi ambaye mwanao ataletewa karatasi ya kusaini, kabla hujauliza atalipwa kiasi gani akicheza, uliza atakaa benchi hadi lini.